Zaboka wa Choiseul Atetea Jina Lake

Octave Mondesir alikuwa fundi wa viti katika kijiji cha Choiseul, kisiwani Saint Lucia, na waliojua kwamba anaitwa Octave Mondesir walikuwa wa kuhesabika. Tangu utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mti wa jirani akiwa amesheheni maparachichi ndani ya shati, aliitwa Zaboka, yaani parachichi kwa Kikreoli cha kwao. Mkewe alimwita hivyo. Padri naye vilevile. Kwa hiyo binti yake, Kerlyn, alipomfungulia tovuti ya kuuzia viti, hakuhangaika kutafuta jina; aliiita Zaboka. Wageni waliokwisha kuvikalia viti hivyo walimtafuta kwa jina hilohilo, na oda zikamjia kutoka mbali.

Ndipo kampuni moja ya ng'ambo, iliyokuwa ikiuza mafuta ya nywele yaitwayo Zaboka, ikamshtaki kwa msuluhishi wa migogoro ya majina ya tovuti. Wakili wa kampuni alidai kwamba Mondesir alilichukua jina hilo ili baadaye awauzie wenye chapa kwa bei ya kulangua. "Hakuna mtu aitwaye Parachichi," aliandika.

"Na mimi je?" Zaboka akauliza.

"Hilo ndilo la kuthibitisha, baba. Tukionyesha kwamba watu walikujua kwa jina hilo kabla kampuni haijaanza, tumepona. Tukishindwa, tovuti inakwenda, na wateja nao."

Kazi ilionekana nyepesi. Majirani waliombwa barua za ushahidi, nao wakaziandika kwa bidii na kwa mwandiko mzuri. Kerlyn alipozisoma alishika kichwa: kila moja ilimsifu "Bwana Octave Mondesir, muungwana wa kijiji chetu."

Akaenda kwa Ma Titus, ajuza mwenye ule mti wa maparachichi.

"Ma Titus, baba yangu anaitwa nani?"

"Zaboka. Kwani umemsahau?"

"Na hapa umeandika nini?"

"Mwanangu, hiyo si barua ya kisheria? Nimwaibishe baba yako kwa mawakili kwa jina la tunda? Nilikwenda mwenyewe kwa shangazi yako kuuliza jina lake la ubatizo."

Ndivyo walivyolelewa wote: jina la utani haliandikwi katika karatasi ya heshima. Zaboka alicheka hadi patasi ikamponyoka, ingawa muda wa kujibu mashtaka ulikuwa ukiyoyoma.

Dada yake, Philomène, ndiye aliyekumbuka mahali pekee ambapo majina hayo husomwa hadharani bila mtu kuona haya: matangazo ya vifo redioni.

"Mama alipofariki, si walikusoma? 'Mama wa Octave, ajulikanaye zaidi kama Zaboka.' Mimi nilinuna wiki nzima, kaka."

"Ulinuna bure. Wangemtaja Octave peke yake, nani angejua aje kumpa pole nani?"

Redio ilikuwa imehifadhi tangazo lile, nalo lilisomwa miaka mingi kabla kampuni haijasajiliwa. Kerlyn akalituma pamoja na barua zote. Msuluhishi akaamua kwamba mlalamikiwa alijulikana kweli kwa jina hilo, alilitumia kwa nia njema, na tovuti ibaki mikononi mwake.

Habari zilipoenea, Ma Titus alifika karakanani akijikongoja.

"Unaona, Zaboka? Mawakili wanaogopa barua iliyoandikwa vizuri."

"Hasa yako, Ma Titus," akajibu, akamsogezea kiti.