Mke Mwenzangu Kutoka Kanada

Shule niliiacha mapema, na kwa miaka mingi Kiingereza hakikunikosesha usingizi. Mume wangu alikuwa polisi. Kambini sisi watu wa kaskazini tuliongea Kiswahili, sokoni nikaongea Kiganda cha kununulia nyanya, na maisha yakaenda. Watoto ndio waliosoma. Binti yangu alisoma mpaka akafika Kanada, akawa nesi, akazaa msichana huko. Huyo msichana ndiye aliyenitia darasani na magoti haya mabovu.

Hajui Kiswahili. Hajui hata lugha ya kwetu. Mama yake alipopiga simu kusema wanakuja Desemba, kwamba mtoto ana miaka tisa na anataka sana kumjua bibi yake, nilisema sitakaa mbele ya mjukuu wangu kama gunia la mkaa huku watu wakinitafsiria.

Hapa mtaani kwetu Nsambya, nyuma ya kanisa, kuna mwalimu Mkongomani anayewafundisha wakimbizi wenzake Kiingereza kwa Kiswahili. Nilienda nikakaa benchi la mbele.

"Mama, wewe mwenye nchi, unakuja kukaa na sisi wakimbizi?" aliniuliza mwanamke mmoja muuza vitenge.

"Nchi ninayo, Kiingereza sina. Sogea."

Kiingereza ni lugha ya ubahili. Wana neno moja, wanalifunga mkia huu leo, kesho wanalifunga mkia mwingine, nawe ujue limekuwa kitu kingine. "Look" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "Give" ni kutoa, halafu "give up" ni kukata tamaa. Nilimuuliza mwalimu kama hawa watu walikosa maneno au walikosa aibu. Akacheka, akafuta ubao, akaandika mengine. Niliyasema nikiosha vyombo, nikayasema nikipuliza makaa ya sigiri, mpaka jirani akauliza nagombana na nani.

Lakini mimi sikwenda kule kwa ajili ya vyombo. Kuna kitu kimoja nilichokitaka.

Kwetu bibi hamwambii mjukuu kwamba anampenda. Nani anasema kitu kama hicho? Mjukuu wa kike ni mke mwenza. Akiingia tu mlangoni unamchokoza: umekuja na hayo macho yako kuninyang'anya mume wangu. Naye anakujibu kwamba mume mwenyewe hana meno, ubaki naye. Hapo mmesalimiana. Hapo mtoto amejua kwamba yeye ni wa nyumba hii. Bibi yangu alinichokoza hivyo mpaka anakufa, na babu alipokuwa tayari kaburini tuliendelea kumgombania vilevile. Sasa utani wa namna hiyo utapitaje kwenye mdomo wa mtu wa tatu? Unafika umepoa.

Nilipomweleza mwalimu, alipiga makofi. Kumbe hata kwao Kongo wanafanya hivyo. Akanipa maneno: "You came to take away my husband." Yaani umekuja kunichukulia mume wangu. Darasa zima likanisaidia. Yule wa vitenge akajifanya mjukuu, akaweka mikono kiunoni.

"Ule mzee wako anakoroma kama mashine ya kusaga," alinijibu. "Mubaki naye, mama. Mimi nitatafuta mwenye pikipiki."

Tulicheka mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo.

Walifika. Mtoto mrefu, mwembamba, na paji la uso la marehemu mzee wangu kabisa. Nilikuwa nimepika kuku, ugali wa posho na mboga za simsim, na majirani wamejaa sebuleni. Nikamwacha avuke kizingiti. Nikaweka mikono kiunoni, nikakunja uso kama inavyotakiwa, nikayasema yale maneno bila kukosea hata moja.

Mtoto alisimama. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi.

"I didn't," alisema kwa sauti ndogo. Akaanza kulia.

Mzee wangu alikufa mwaka uliotangulia. Alikuwa akiongea na huyu mtoto kwenye simu kila Jumapili, yeye na kile Kiingereza chake cha kipolisi, na walipokosa nauli ya kuja kumzika, mtoto alilia siku nyingi. Sasa amevuka bahari, na neno la kwanza la bibi yake, tena kwa uso uliokunjwa, ni kwamba yeye ndiye aliyemchukua.

Binti yangu alimkumbatia, akamweleza haraka haraka. Kisha akanigeukia.

"Mama, si ungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize wewe namna ya kuongea na mke mwenzangu?"

Majirani wakaanza kusifu kuku.

Kesho yake asubuhi mtoto alikuja jikoni, amechanwa nywele vizuri, akaniambia pole pole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba mama yake amemweleza na kwamba utani wangu unachekesha. Nilielewa kila neno. Katika maisha yangu watu walicheka au walinitukana; hakuna aliyewahi kuja kunipa taarifa kwamba ninachekesha.

Kwa wiki mbili alikaa kwangu kama mgeni wa kanisani. Aliomba ruhusa kabla ya kuchukua ndizi. Alishukuru kwa maji. Mimi nilimpa Kiingereza nilichokuwa nacho, "come in", "sit down", "eat up", na nikamwona akitii upesi, mabega juu, kama askari mpya. Nilitamani anijibu vibaya, hata mara moja.

Darasani sijarudi. Muuza vitenge alinikuta sokoni Kibuli akaniuliza mke mwenzangu alijibu nini. Nikamwambia alisema yeye hakumchukua. Alianza kucheka, kisha akaacha, akasema watoto wake nao siku hizi wanamjibu kwa Kiingereza tu.

Jumapili simu inalia. Mtoto anasema amenikumbuka, anauliza magoti yangu yanaendeleaje. Namjibu sawasawa, maneno yote na mikia yake. Kisha ananishukuru, kama alivyoshukuru kwa maji, na binti yangu anachukua simu.

"Mama, Kiingereza chako kimekuwa kizuri," ananiambia.