Mistari Miwili Niliyoifuta kwenye Kibao cha Ardith

Siku tuliyomtoa Ardith majini, mfuko wa wavu uliofungwa kiunoni mwake ulikuwa na kome kumi na saba. Wote hai.

Yeye hakuwa hai.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, saa saba kasoro robo mchana. Jua kali. Maji ya mto Stony Lick yamepungua hadi kifuani, meupe, unaona mpaka chini. Watu hawafi kwenye maji kama yale. Ndivyo kila mtu alivyosema siku ile, na mimi nikaitikia.

Naandika kwa sababu mwaka wa pili unakaribia na nimeanza kuisahau sauti yake. Ila msinipe pole kabla hamjamaliza kusoma.

Ardith Mullins alikuwa mtaalamu wa viumbe wa maji baridi: samaki wadogo, kome wa magamba mawili, na wale kamba wa mtoni wenye magando. Huku kwetu milimani Virginia, kamba hao tunawajua kama chambo. Yeye aliwajua mmoja mmoja, aina kwa aina, na alikuwa anawasemesha.

Mimi niliishia sekondari. Mgodi wa makaa ulipofungwa, ni yeye aliyenichukua niwe msaidizi wake. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa.

Kazi yenyewe iko hivi. Ardith analala kifudifudi majini, na miwani na mrija wa kupumulia, anapapasa mchanga na mawe. Mimi nakaa ukingoni. Nawapima kome anaowaleta, kisha anawarudisha palepale alipowatoa.

Lakini kupima ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ya mtu wa ukingoni ni kuutazama ule mrija. Ukizama, unaingia majini hapohapo, na viatu vyako.

Na bamba la jiwe halisogezwi na mtu mmoja. Hiyo sheria aliiweka mwenyewe.

Kwa miaka kumi na moja Ardith alikuwa anamtafuta kome mmoja ambaye wazee wa huku humwita goti la bibi. Mdogo, rangi ya kahawia, ana kinundu mgongoni kama goti la mtu mwenye baridi yabisi. Mwalimu wake Ardith ndiye aliyemwona hai mara ya mwisho. Wengi walishaandika kwamba ametoweka.

Tulikuwa tunataniana juu yake kila siku.

"Nikimpata mimi kwanza, Daktari, utanipa nini?"

"Umpate wapi wewe? Juzi umetafuta funguo za gari nusu saa, kumbe umezishika."

"Mimi mchimba makaa. Naona hata penye giza."

"Basi rudi gizani ukatafute. Mimi niachie mto."

Mwaka ule utani ulikuwa na haraka ndani yake. Kampuni moja ya kokoto ilikuwa imeomba kibali cha kuchimba mkondo uleule tuliokuwa tukimtafuta humo. Kome wa kawaida wasingeizuia. Goti la bibi mmoja, aliyeonekana hai, angeizuia.

Sasa siku yenyewe.

Saa tano na nusu hivi nikaona, mbele kidogo penye kona, lundo la magamba. Panya wa mtoni anapenda kula kome. Anakula nyama, anatupa magamba mahali pamoja. Mtu mwingine angepita tu. Sisi wa kazi hii hatuwezi kulipita. Lile lundo ni orodha ya wanaoishi mtoni, unayoipata bila kulowana hata kidole.

Nilitazama nyuma. Mrija ulikuwa juu ya maji, unakwenda polepole.

Nikajisemea, dakika tano. Nikimwonyesha gamba la goti la bibi leo, atanyamaza wiki nzima.

Nikakata kona.

Nilikaa dakika arobaini. Niliyapanga magamba kwa safu, aina moja hapa, aina nyingine kule. Goti la bibi hakuwemo.

Niliporudi sikuuona mrija.

Nilimkuta chini, mkono wa kulia umebanwa na bamba. Kichwa kilikuwa kimebakiza kama shibiri moja kufika hewani. Nilijaribu kulinyanyua lile jiwe mpaka kucha zikatoka. Nikakimbilia barabarani. Wanaume wawili waliokuwa wamebeba majani ya ng'ombe wakasimamisha gari, na kwa watatu tukaweza.

Askari alikuja akaniuliza taratibu, kwa heshima.

"Ulikuwa wapi, Verlin?"

"Hapahapa."

"Macho yako yaliachana naye kwa muda gani?"

"Dakika moja. Nilikuwa napima kome."

Akaandika. Kisha akanikabidhi mfuko na kibao cheupe cha plastiki ambacho Ardith alikuwa akiandikia kwa penseli majini. Kilijaa tope, hakuna aliyekisoma. "Hivi ni vya kazi yenu," akasema.

Nikavitupa nyuma ya gari. Niliendesha kando ya mto ule maili nne nzima bila kuukumbuka ule mfuko.

Kwenye mazishi kanisa lilijaa. Watu walileta nyama ya nguruwe ya kuoka, maharage, mikate ya mahindi. Mama yake, Mama Orpha, miaka sabini na tisa, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nashukuru ulikuwepo, mwanangu," akaniambia. "Angalau hakufa peke yake."

"Ndiyo, Mama," nikajibu.

Kesho yake nikasikia harufu kutoka nyuma ya gari.

Nilifungua ule mfuko uani kwangu. Kome wote walikuwa wameachama, wameiva kwa jua. Nikawatoa mmoja mmoja nikiwapanga chini, maana mikono ilikuwa imezoea. Kumi na sita walikuwa wa kawaida.

Wa kumi na saba alikuwa na kinundu mgongoni.

Nilikaa chini. Nilimgeuza, nikamgeuza tena. Goti la bibi. Alitoka mtoni akiwa mzima, akapita mikononi mwa Ardith akiwa mzima, akaja kufia kwenye gari langu kwa sababu sikummwagia hata ndoo moja ya maji.

Ndipo nikakiosha kile kibao.

Mwandiko wake ulikuwa umetulia, herufi kubwa, kama kawaida yake:

*Saa 5:52. Namba 17. GOTI LA BIBI!! Jike, hai, ana mayai. Kando ya bamba kubwa, upande wa juu.*

*Nimemwita Verlin mara tatu. Kalala tena huyu mzee.*

*Nalisogeza bamba kidogo mwenyewe, nione kama wako wengine.*

Nilikifunga kibao kwenye gazeti nikakiweka ndani ya sanduku la zana. Gamba nikaliweka pamoja nacho. Kikakaa humo miezi saba.

Miezi yote hiyo Mama Orpha alinipigia kila Jumapili baada ya ibada. "Umekula, mwanangu?" "Nimekula, Mama." "Usijitese. Ulifanya ulichoweza."

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata ikatoka tarehe ya bodi ya vibali kusikiliza ombi la kokoto. Mkuu wa ofisi yetu ya utafiti wa mito akasema, "Bila ushahidi wa kome aliye hai, hatuna la kusema pale."

Ningenyamaza, mkondo ungechimbwa, na miaka kumi na moja ya Ardith ingekwenda na kijiko cha mashine. Gamba peke yake lisingetosha, lingeweza kutoka popote. Kibao ndicho kilichosema siku, saa na mahali.

Lakini kibao kilinisema na mimi.

Basi nikafanya hivi. Nilichukua mchanga mbichi kwenye kidole gumba, nikaisugua ile mistari miwili ya chini mpaka ikapotea. Wa juu sikuugusa. Nilijiona mjanja kweli. Ardith atapata kome wake, mama atabaki na faraja yake, mimi nitabaki na jina.

Ofisini nikasema nimevikuta nikipanga vifaa. Walilia. Mkuu alinikumbatia.

Bodi ilikaa ukumbi wa kikosi cha zimamoto, saa nne asubuhi. Watu walijaa hadi mlangoni. Mama Orpha alikaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Gamba liliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe.

Wakili wa kampuni alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alikishika kibao kwa mikono miwili, akakiinamisha kuelekea dirishani.

"Bwana Stapleton, hiki kimekaa kwako miezi saba?"

"Ndiyo."

"Hapa chini pamesuguliwa. Kulikuwa na nini?"

"Uchafu."

"Uchafu ulionyooka kama mistari miwili?"

Mtu mmoja huko nyuma akacheka. Wakili hakucheka.

"Simlaumu marehemu," akawaambia wajumbe. "Lakini kibao kimefutwa nusu. Nusu iliyobaki tutajuaje kaiandika nani? Pengine kaiandika huyohuyo aliyefuta. Naomba kisipokelewe."

Mwenyekiti akavua miwani. "Bwana Stapleton, kama huna la kuongeza, tunakiweka kando."

Nilitazama gamba. Nilitazama mlango. Kitu pekee ambacho sikuweza kukitazama ni ule mstari wa mbele.

"Palikuwa na maandishi," nikasema. "Nayajua kwa kichwa."

"Yaseme."

"Nimemwita Verlin mara tatu. Kalala tena huyu mzee."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walikuwa wanamjua. Ilikuwa kama ameingia na buti zake zinazotiririka maji, akawatania wote. Hata Mama Orpha alicheka, kiganja mdomoni, machozi yakimtoka.

Nikasema na mstari wa pili. Ule wa bamba.

Kicheko kikafa. Hakikufa mara moja, kilikatika kiti kwa kiti, kadiri kila mmoja alivyoelewa.

"Sikuwa nimelala," nikasema. "Sikuwepo. Nilikuwa nyuma ya kona dakika arobaini, nachambua magamba. Nilimdanganya askari, nikamdanganya mama yake. Ile mistari nimeifuta mimi. Huo wa juu aliuandika Ardith, na kila neno lake ni kweli."

Wakili akakirudisha kibao mezani.

"Sina swali zaidi," akasema, akakaa.

Nje, Mama Orpha alikuwa amesimama kando ya gari lake. Nilimfuata.

Akaanza yeye. "Alikuita mara tatu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hukusikia."

"Maji yalikuwa yanapiga kelele pale penye kona..."

"Ardith alikuwa na sauti kubwa," akasema. "Tangu mdogo. Kanisani nilikuwa namfinya anyamaze."

Alifungua mlango wa gari, akasimama ameushika.

"Lile neno uliloniitikia, Verlin, kwamba hakuwa peke yake. Nilikuwa nalala nalo."

Hakuniita mwanangu. Akaingia, akawasha gari, akaondoka. Jumapili ile simu haikulia.

Kibali kilikataliwa. Mkondo haukuguswa. Askari alichukua maelezo yangu upya, na ofisi ikaniondoa ukingoni. Sasa mimi ndiye ninayeingia majini, na watu wawili wananitazama.

Wengine wameniambia nilifanya jambo kubwa siku ile ya bodi. Hapana. Nilisema kwa sababu nilibanwa. Wakili yule asingekiinamisha kibao dirishani, leo ningekuwa bado naulizwa kila Jumapili kama nimekula.

Nililojifunza ni hili. Ule uongo nilidhani ni zawadi niliyompa mama mzee ili apate usingizi. Haukuwa wake hata siku moja. Ulikuwa wangu, na nilimpa yeye aubebe. Kama na wewe una uongo wa aina hiyo, kautwae kabla hujabanwa. Uliyempa atakuchukia vilevile, lakini utakuwa umekwenda kwa miguu yako.

Tumeutafuta mkondo ule mara sita tangu wakati huo, jiwe kwa jiwe. Hatujapata goti la bibi mwingine. Jumanne tunaingia tena.