Hadithi Hazisomwi Mchana

Bibi mwenye nyumba alipochukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Tanga, nyumba yetu ya mtaa wa Gerezani ilinyamaza. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Kilimanjaro, sina ndugu mjini, na wapangaji wenzangu walikuwa mafundi wa karakana ya reli walioondoka alfajiri na kurudi hoi. Bibi ndiye aliyekuwa akiniita uani kila baada ya magharibi. "Paukwa," angesema, kisha asiongeze hata neno mpaka nijibu, "Pakawa." Mwanzoni niliona haya, mtu mzima na cheti changu cha ualimu. Akanicheka.

"Wewe mtoto wa mlimani, mimi simhadithii bubu."

Sasa nilikula peke yangu chumbani, kando ya jiko la mafuta ya taa, na sauti yake ilianza kunipotea. Ndipo nikachukua daftari nikaandika hadithi zake zote nilizozikumbuka, kwa maneno yake mwenyewe. Nisiseme uongo, sikuwa nikiwafikiria wanafunzi. Niliandika kwa upweke.

Lakini shuleni kwetu Kariakoo nako kulikuwa na shida. Vitabu vya hadithi vilivyokuwa kabatini vilihusu theluji, na mbwa anayelala kitandani na watoto. Darasa langu la tano walivisoma bila kukosea, wakavifunga, na hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje baadaye. Ilinikera. Nikalishona lile daftari kwa uzi, nikalivalisha karatasi ya mfuko wa saruji, nikalipeleka darasani kama mtu anayepeleka posa.

Saa nne asubuhi nikamwita msichana wa dawati la mbele, msomaji wangu hodari, aje asome. Alifungua, macho yakapita mstari wa kwanza, akatabasamu. Kisha akalifunga.

"Soma."

"Siwezi, mwalimu. Hadithi hazisomwi mchana. Nitaota pembe."

Darasa zima likaitikia kwamba ni kweli. Ningekumbuka kuwa Bibi naye hakuwahi kunisimulia jua likiwaka, ningenyamaza. Badala yake nikapandwa na hasira, nikawaambia hapa ni shule, si uani kwa bibi zao, wakati mle daftarini hamkuwa na kingine ila uani kwa bibi. Hakuna aliyesoma. Kengele ilipolia, yule msichana akanifuata mezani.

"Mwalimu, naomba niende nalo nyumbani."

"Chukua," nikasema bila kumtazama.

Halikurudi. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Nikimuuliza, anainamisha kichwa: "Bado, mwalimu." Miaka ile karatasi ilikuwa adimu, na wauza karanga wa sokoni walifungia karanga zao katika karatasi yoyote waliyopata. Nikawa nanunua karanga kila nikipita, nikifungua kile kikaratasi haraka kutazama kama mwandiko ni wangu. Nilikula karanga nyingi mwezi ule na sikuwa na hamu nazo. Sikuwa na nakala nyingine, na Bibi hakujua kuandika hata barua. Lile daftari ndilo lililokuwa limenibakia kutoka kwake, nami nilikuwa nimelitoa kwa hasira.

Jioni moja nilitoka kwenye foleni ya sukari na kikapu kitupu, nikaamua liwalo na liwe, nakwenda kwao yule msichana kulidai. Maneno makali nilikuwa nimeshayapanga.

Mlango wa uani ulikuwa wazi nusu. Ndani, wanawake wapatao kumi walikuwa wameketi mkekani, wengine na watoto mapajani. Msichana alikaa kwenye kigoda karibu na kandili, daftari mkononi. Lilikuwa limenenepa. Kurasa mpya zilikuwa zimeshonewa nyuma ya zangu, kwa uzi wa rangi nyingine.

"Leo ile ya shangazi, niliyoiandika jana," akasema.

"Aa, kwanza ya mwalimu," mama mmoja akadakia. "Nami leo nasoma mstari mmoja, msinicheke. Nimejifunza."

Wakacheka wote. Nikaushika mlango nibishe hodi, kisha nikauachia. Pale walikuwa wametimia bila mimi.

Msichana akafungua ukurasa wa kwanza. "Paukwa," akasema, neno ambalo mimi sikuliandika popote mle.

Uani kote wakajibu. Nami kichochoroni, na kikapu changu kitupu, nikajibu taratibu, "Pakawa." Hakuna aliyenisikia. Nikasimama mpaka hadithi ikaisha, kisha nikarudi Gerezani bila daftari.