Mtoto Aliyepona kwa Kiswahili

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Kibanda cha filamu cha Muhsin, hapa Tandika, bado kimefungwa. Ndani, ukimwacha mwandishi wa makala haya, yuko mtu mmoja tu. Elibariki, mwenye miaka hamsini na sita, amekaa benchi la mbele, rimoti mkononi, daftari la shule magotini. Anatazama filamu bila sauti. Ndivyo afanyavyo siku zote kabla ya kuitafsiri: macho kwanza, maneno baadaye.

Ikifika dakika ya sabini na mbili anaisimamisha. Anairudisha nyuma, anaiachia, ikifika palepale anaisimamisha tena. Hii mara ya nne. Daftarini hajaandika kitu.

"Hapa pananishinda," anasema.

Elibariki ni mkalimani wa filamu. Wazungu wanaongea mle ndani, yeye anashika maikrofoni na kuwageuza watu wa Temeke. Jambazi anatukana kama kondakta, polisi anaomba ya chai, na kibanda kizima kinagaragara kwa kicheko. Kiingereza alikiokota Arusha, enzi zile akibeba mizigo ya watalii. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na mbili.

Siku hizi vijana wanaangalia kwenye simu, na kiingilio cha shilingi mia tano hakijazi mabenchi. Lakini leo yatajaa, maana Jamaa wa Radi amerudi.

Ndivyo watu walivyoipa jina filamu ile ya kijana aliyepigwa na radi akapata nguvu za ajabu. Ya kwanza ilifika mjini mwaka 2006. Sasa imetengenezwa upya, sura nyingine, vazi jingine. Wiki mbili nzima barazani kwa Muhsin ubishi ni mmoja: mpya inaweza kuipiku ya zamani?

"Ya zamani radi yake ilikuwa kama tochi inayoishiwa betri," anasema Muhsin, ambaye babu yake alikuwa na duka mtaa huuhuu. "Hii mpya, wallahi, unatafuta pa kujificha."

Shomari, fundi pikipiki, hataki hata kusikia. Mpya ameshaiona kwenye simu.

"Wameiharibu! Yule mtoto, mdogo wake Jamaa, wamemuua! Ya zamani si alizimia tu, akapona, akapelekwa bodingi Lushoto? Sasa kumuua kwa nini, jamani? Roho mbaya tu!"

Baraza zima likamuunga mkono. Elibariki, Mzee Eli kwao, mtu anayeulizwa kila kitu kuhusu filamu, akasema ameacha maji jikoni. Akaondoka.

Asubuhi hii, milango ikiwa bado imefungwa, anamweleza mwandishi ukweli wenyewe.

"Hata ya zamani yule mtoto anakufa. Alikufa tangu mwanzo. Aliyemponya ni mie."

Mwaka ule wa 2006 yeye na mkewe, Tupokigwe, waliishi Manzese na watoto wawili, Tekla wa miaka sita na Fransis, bado kichanga. Ijumaa homa ilimpanda Tekla, wakadhani mafua. Jumapili degedege. Jumatatu hayupo. Wakamzika Jumanne, makaburi ya Kinondoni.

Alhamisi bosi wake akamwita. Filamu kubwa imeingia, wengine watawawahi. Akaenda. Kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi, anasema, kwa sababu viatu vya mtoto vilikuwa bado mlangoni.

"Nilikwenda vizuri mpaka pale. Mtoto amelala chini, kaka yake anamtikisa. Natakiwa kusema amekufa. Neno moja tu! Mdomo ukakataa. Nikajisikia nasema, 'Amezimia, jamani, amezimia tu, daktari anakuja!'"

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Mbele kidogo Jamaa anaonekana kaburini, nguo nyeusi, analia. Elibariki akasema wanamzika bibi.

"Bibi mwenyewe hayumo kwenye filamu hata mara moja," anasema, na nusura acheke. "Na mtoto yuko wapi? Nikasema yuko bodingi, Lushoto. Kuna baridi nzuri."

Sauti ile ikarekodiwa kwenye diski. Ikatoka Manzese ikaenda Buguruni, ikavuka mpaka Kigamboni, na watu wakaamini.

Ingekomea kwenye filamu, heri. Mwaka uliofuata walihamia Tandika, na majirani, kama ilivyo ada, wakauliza wana watoto wangapi. Elibariki akawahi kujibu: wawili, mkubwa yuko bodingi, Lushoto. Tupokigwe alikuwa amesimama palepale, Fransis mgongoni. Jina la Tekla halikutajwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mama Fransis.

Tupokigwe anachoma maandazi. Jumatano iliyopita Shomari alipokuja kununua, akamsimulia kwa uchungu jinsi mtoto wa kwenye filamu alivyouawa. Tupokigwe aliporudi ndani alimwita mumewe kwa jina ambalo Elibariki hakuwa amelisikia tangu Manzese.

"Baba Tekla," akamwambia. "Safari hii sema kweli. Mie nimechoka kuwa na mtoto asiyerudi likizo."

Saa nane mchana kibanda kimefurika, wengine wamesimama. Elibariki yuko kwenye ubora wake. Anapiga radi kwa mdomo, anabembeleza mchumba kwa sauti nyembamba, watu hoi. Benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, amekaa Tupokigwe, khanga kichwani. Hajawahi kuingia humu.

Dakika ya sabini na mbili. Mtoto amelala chini, kaka yake anamtikisa. Mkalimani kimya.

"Mzee Eli, maiki imekata?" mtu anapaza sauti.

"Haijakata," anasema. Halafu: "Amekufa. Mtoto amekufa, jamani. Na ile ya kwanza alikufa vilevile, mie ndo niliyewadanganya. Wangu alikuwa amekufa wiki ileile. Anaitwa Tekla. Hakwenda Lushoto. Alikuwa na miaka sita."

Muhsin akaisimamisha picha. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Hakuna aliyedai iendelee, hakuna aliyedai mia tano yake. Shomari akavua kofia, akaja mbele, akampa mkono.

"Pole, mzee wangu. Tusamehe."

Kesho yake, Jumapili, watu walianza kuingia kwa Elibariki baada ya adhuhuri. Mwamvita, jirani wa ukuta mmoja, alitangulia na mkeka begani na sukari mkononi. Wanaume wakakaa nje, kwenye mabenchi yaliyotolewa kwa Muhsin. Msiba wa miaka kumi na tisa ukakaliwa kama wa jana.

"Miaka yote hii, mwenzangu, na sie tupo hapa ukutani!" Mwamvita alimlilia Tupokigwe. "Na mie kila siku nakuuliza, Lushoto hawajambo?"

Tupokigwe alilia mpaka sauti ikakauka. Elibariki naye alilia, mbele za watu, kwa mara ya kwanza.

Na ule ubishi wa barazani, je? Mpya imeipiku ya zamani?

"Imeipiku," anasema. "Ya zamani niliiharibu mie." Anataka aitafsiri upya ile ya kwanza, kama ilivyo, mpaka kaburini.

Lakini kwanza kuna Kinondoni. Hajakanyaga huko tangu Jumanne ile. Aliwaambia waombolezaji hofu yake: walisimika msalaba wa mti, utakuwa umeoza, na pale watu wanazikana juu kwa juu. Huenda kaburi lenyewe halipo.

Tupokigwe akajifuta uso kwa khanga.

"Lipo," akasema. "Nililijengea kwa saruji mwaka tuliohamia huku. Kila Pasaka nikikuaga kwamba natangulia kanisani, nilikuwaga napita kwake kwanza."

Elibariki hakulijua hilo. Jumapili ijayo watakwenda wote wawili.

"Atanionyesha njia," anasema.