Mlango wa Gereji Niliouchagua Mimi, Lawama Akabeba Mama Mkwe

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimeliacha likae juu ya mtu mwingine, na mtu huyo ni mama mzazi wa mume wangu. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mniseme mtakavyo.

Tunaishi Njombe mjini. Mume wangu ni dereva wa lori la mbao, anakwenda Dar es Salaam na kurudi, kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani naamua mimi. Tulipohamia kwenye nyumba yetu, gereji ilikuwa bado imezibwa kwa mabati. Mume wangu alitaka milango miwili ya mbao, ya kusukuma kwa mkono. Nikakataa. Nilimwambia mbao anazibeba kila siku, sasa na nyumba yetu nayo ifanane na stoo?

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona mlango wa umeme kwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Mvua inanyesha, sisi tumejikunyata kibarazani kwake, yeye akafika na gari, akabonyeza rimoti, mlango ukapanda wenyewe akaingia bila kulowa hata unywele. Nilirudi nyumbani nikiwa sina raha. Wivu tu, hakuna jina jingine.

Mume wangu akaniachia. Alisema, "Chagua wewe, mama Faraja. Angalia tu usije ukamsumbua mama."

Mama mkwe alikuwa anakaa na sisi. Kwao ni Makete. Alikuwa ametibiwa mguu pale hospitali ya Ikonda, na ingawa alipona, ule mguu haukurudi kuwa na nguvu, tukaona asirudi kijijini kukaa peke yake. Kwa baridi ya huku kwetu, asubuhi alitafuta jua, na jua la kwanza liliingilia gerejini. Alikuwa anaweka kigoda chake palepale mlango unaposhukia, anachambua maharage na kusalimiana na wapita njia. Mtaani walimjua yeye kuliko walivyonijua mimi.

Nilikwenda Makambako kuchagua mlango. Muuzaji, kijana mpole, aliniuliza kama nyumbani kuna watoto wadogo au wazee. Nikasema yupo bibi. Akanionyesha mlango mweupe, wa kawaida tu, ambao pembeni kwa chini una sensa, vile vidude vinavyohisi kitu kikiwa chini yake. Yeye aliziita macho. Akashusha mlango, akaweka boksi tupu katikati, na mlango kabla haujaligusa ukarudi juu.

Lakini pembeni kulikuwa na mwingine. Rangi ya mbao, una vidirisha vya vioo kwa juu, unapendeza mpaka unatamani kuugusa. Huo macho yake yalikuwa hayapo. Muuzaji alisema yanaweza kufungwa baadaye, yangeagizwa, ila akanisihi nisiutumie kabla hayajafika, kwa sababu mota yake ni ya zamani, ikishaanza kushuka haijui kusimama.

Jumapili iliyokuwa inakuja mwanangu Faraja alikuwa anapata kipaimara na wageni walikuwa wanakuja kwangu. Nikasema nifungieni huu, macho nitayafuata. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nilikosea huku nikijua.

Wageni walikuja. Nadhani niliufungua na kuufunga ule mlango kuliko nilivyohudumia chakula. Mama mkwe mwenyewe aliushangaa, akacheka, nikamfundisha kubonyeza rimoti ya pili tuliyoitundika ukutani mle gerejini. Kuhusu macho, nilikuwa nasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa inasogea mbele, na mimi nikazoea.

Asubuhi ya ajali kulikuwa na ukungu umeanza kupasuka. Watoto wameshakwenda shule. Nilitoa gari kinyumenyume, nikampita mama mkwe akiwa kwenye kigoda chake, tukaagana. Nilipofika barabarani simu yangu ikaita. Nikaipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikabonyeza rimoti kama nilivyozoea. Sikugeuka kutazama. Nikaondoka.

Baadaye aliniambia kwamba maharage yalikuwa yamemwagika na alikuwa ameinama kuyaokota. Alisikia mlango unashuka, akajaribu kuinuka, mguu ukamsaliti, akaanguka. Mlango ukamkuta pale chini ukamkandamiza nyonga.

Jirani yetu alisikia kilio chake. Alijaribu kuunyanyua mlango kwa mikono ukakataa, na ile rimoti ya ukutani ilikuwa ndani, hakuifikia. Akanipigia. Nilikuwa sokoni, nikarudi mbio, nikabonyeza ile ile rimoti, mlango ukapanda taratibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye sakafu ya baridi, nusu ndani, nusu nje. Hakunilaumu. Alinishika tu gauni.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Tukamrudisha Ikonda.

Mume wangu alipiga simu akiwa njiani. Aliuliza swali moja, nani aliyefunga mlango mama akiwa pale. Wallahi sikuwa nimepanga. Mdomo ulitangulia. Nikasema, "Alibonyeza mwenyewe. Alikuwa na ile rimoti ya ukutani."

Laiti ingeishia kwenye simu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kutoka Ludewa, na tulipokusanyika pembeni ya kitanda akamuuliza mama yake, kwa sauti ya kumwonea huruma, kwa nini alichezea vitu vya umeme asivyovijua. Mama mkwe akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Kisha akasema:

"Ndiyo. Ni mimi nilibonyeza."

Nilipobaki naye peke yetu nililia, nikamuuliza kwa nini amesema vile. Aliniambia mwanawe ana hasira za haraka, na nyumba ile ina watoto. Mfupa utaunga, lakini nyumba ikivunjika haiungi. Nilipiga magoti. Nikamwahidi kwamba nitasema ukweli akishapata nafuu.

Mama mkwe alipata nafuu. Mimi sikusema.

Wakati bado yuko hospitali nilimwita fundi kutoka Makambako, akaja na yale macho, akayafunga. Haikumchukua muda wa kuchemsha maharage. Ndugu wa mume wangu waliposikia, wakanisifu kwamba mkwe yule anajali. Nikaitikia asante.

Wifi akasema mama asiachwe tena peke yake, kumbukumbu imeanza kumwacha. Akamchukua Ludewa. Mume wangu alikubali kwa uchungu. Na mama mkwe, aliyekuwa anajua kila mtu mtaani kwetu, akaondoka akisaidiwa kupanda gari, hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Tulipokwenda kumwona, niliona nilichokifanya. Haruhusiwi kuwasha moto. Haruhusiwi kushika kisu. Simu yake wameichukua, wanasema ataharibu. Ukimuuliza swali, wifi anajibu yeye. Mgeni akiingia, anaambiwa kwa sauti ya chini kwamba bibi alijiangushia mlango. Na yeye yupo palepale, anasikia.

Nilishindwa kula. Tulipokuwa tunarudi, kwenye zile kona za mlimani, nikamwambia mume wangu asimamishe gari. Nikamwambia yote, ya rimoti na ya macho niliyoambiwa Makambako nikayapuuza. Hakunipiga, hakunitukana. Alikaa ameshika usukani gari likiwa limezimwa. Kisha akaligeuza, tukarudi Ludewa. Njiani alisema maneno machache tu: "Utasema mbele yao. Mbele ya mama."

Nikasema. Nilisimama sebuleni kwa wifi yangu nikasema ni mimi niliyebonyeza, mama hakugusa kitu. Wifi akaanza kulia. Nilimgeukia mama mkwe nikitaka walau yeye afurahi, ajue mzigo umetoka kichwani kwake.

Akatikisa kichwa. Akanishika mkono kwa upole.

"Usinibebee, mwanangu," akasema. "Ni mimi. Nakumbuka kabisa, nilikuwa nayo mkononi."

Mume wangu akamwambia hapana mama, haikuwa hivyo. Akamweleza polepole. Yeye akasisitiza. Akatuonyesha hata kidole alichobonyezea.

Wamemwambia mara nyingi mno, mpaka ameamini. Aliposema uongo ule hospitali alikuwa anajua ni uongo, ananikinga mimi. Sasa hajui tena. Sijui kama ni uzee umemfikia kweli, au sisi tulimfanya mzee kwa kumwambia kila siku kwamba hajiwezi.

Mume wangu hajaniacha. Lakini nikimwambia gesi imefungwa, anainuka kwenda kuhakikisha. Nikimwambia watoto wamekula, anawauliza wao. Hafanyi kwa hasira. Anafanya tu, na mimi namtazama akifanya.

Dada yangu, kaka yangu, kama unajenga na unataka mlango wa umeme, nunua, si dhambi. Ila anza na yale macho, rangi ije baadaye. Na usibonyeze kitu usichokitazama.

Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama watakufukuza. Mimi nilidhani ukweli ni kitu ninachoweza kukiweka kabatini nikichukue nikiwa tayari. Nilipokuwa tayari, mtu niliyepaswa kumwomba msamaha alikuwa hana tena habari kwamba nilimkosea.