Simu ya Upepo na Posa ya Abbasi

Abbasi wa Mtendeni nilimjua kabla ya vita. Alikuwa akiniuzia nta ya nyuki, na hakuwahi kunipunja. Aliporudi kutoka Burma, mwaka 1946, akaniomba niwe mshenga wake: anamtaka Sikuzani, binti wa marehemu Mfaume. Niliona kazi nyepesi. Abbasi na Mfaume walikuwa kikosi kimoja, kila mmoja na simu ya upepo mgongoni, wakipeana habari kilima hadi kilima. Mfaume hakurudi.

Tukiwa njiani kupeleka posa, akanieleza jambo. Simu ya upepo husikika kwa yeyote mwenye chombo kama hicho, hata adui. Kwa hiyo kila neno lilifichwa kwa kubadilisha herufi kabla ya kutumwa. Afisa wao aliwaonya wasianze kwa maneno yaleyale siku mbili mfululizo. Lakini Mfaume alikuwa mtu mzima, jirani wa mtaa mmoja. Kila alfajiri Abbasi alianza, "Shikamoo, mzee Mfaume." Siku alipoiacha salamu, Mfaume hakujibu kitu mpaka alipoamkiwa.

"Tulipoteka kambi ya Wajapani nikaonyeshwa daftari," akasema Abbasi. "Salamu yangu iko juu ya kila ukurasa. Wameifananisha siku hadi siku, wakaipata, na kwa salamu hiyo wakafungua maneno mengine yote. Hata mahali alipolala Mfaume usiku aliouawa."

"Huku nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi liishie kwangu. Nani anauza ngozi akatangulia kuonyesha tundu?"

Akaendelea kutembea. Nikadhani tumeelewana.

Mwanne, mjane wa Mfaume, alitupokea vizuri. Nikaiweka posa mbele yake ndani ya kitambaa, nikaanza kumsifu kijana. Abbasi akanikatiza, akasema yote.

Mwanne hakulia. "Hilo la kutaka kuamkiwa naliamini. Hata mimi alikuwa akininunia. Ulikatazwa, Abbasi?"

"Nilikatazwa, mama."

"Sababu uliijua?"

"Niliijua."

"Na Ramadhani nzima umefuturu kwangu."

Akakisogeza kitambaa kwangu, hakukifungua. "Mchukue mtu wako, mshenga. Sina ugomvi naye. Ila sitaweza kumtazama akila kwenye sahani ya Mfaume."

Nje nikamwambia, "Ungefunga mdomo, ungekuwa na mke."

"Ningekuwa naye," akasema.

Alihamia Igunga kulima pamba, peke yake. Sikuzani aliolewa na fundi cherehani, mlevi. Nimeshapeleka posa nyingi tangu hapo. Hiyo ndiyo pekee niliyorudi nayo mkononi.