Pweza Niliyemficha Mwambani

Iko Jumamosi moja ya vuli ambayo naikumbuka kwa nyayo, mwanangu, kwa sababu siku ile zilichanwa na mawe, na kwa mashavu, kwa sababu yaliwaka aibu hadi jioni. Sijafika umri wa kuitwa mzee, lakini mvi zimenipandisha cheo kabla ya wakati, na siku hizi vijana wenye watoto hunijia kuniuliza mambo ya malezi. Mimi huwaeleza nilivyokosea, maana makosa ndiyo elimu pekee niliyoipata bila kulipa karo.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Changamwe, mimi, mke wangu Zainabu, na binti yetu Saumu aliyekuwa na miaka minane. Nyumba yetu ilitazama barabara ya malori. Mtoto aliweza kutofautisha lori la mafuta na lori la makasha kwa mngurumo tu, macho kafumba, lakini siku moja tukiwa mezani aliniuliza kama pweza hutoka baharini akiwa amekwisha kukatwakatwa. Mimi ni mwalimu wa chuo, kazi yangu kuwafundisha watu wazima kupima hoja, na swali lile lilinikalisha chini kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Mtoto wa Mombasa, baba yake kazaliwa Likoni, anadhani pweza huzaliwa ndani ya karai.

Basi tukakata shauri kwamba vuli ile, kila Jumamosi ya bamvua, tutavuka kwa feri kwenda Timbwani, huko Likoni, kwa shangazi yangu Mwanakombo. Bamvua, kama hujui, ni zile siku chache maji yanapokupwa sana hata mwamba ukabaki wazi kama sakafu iliyodekiwa, nazo huja kila baada ya wiki mbili. Vuli bahari imetulia, jua bado lina adabu, na mvua ikija hukaa kidogo ikaaga, kama mgeni mstaarabu. Ndio wakati wa kuwatoa watoto nje.

Shangazi Mwanakombo alisaka pweza kwa miaka mingi kuliko niliyosoma mimi, na nimesoma mingi kupita kiasi. Alikuwa na fimbo moja ya mkoko iliyochongwa ncha, kikapu, na kanga aliyoifunga kiunoni. Mwamba aliusoma kama sisi tunavyosoma gazeti. Aliwafundisha watoto kwamba pweza ni mpangaji mchafu: akishakula kaa na kombe, magamba huyatupa hapo hapo mlangoni. Ukimtaka yeye, litafute kwanza jaa lake. Kisha uiname, utazame shimoni, ungoje. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, na akanitazama mimi, mwenye kitambi.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kisa. Kwetu pana desturi kwamba pweza wa kwanza wa mtoto haliwi nyumbani kwao. Hupikwa kwa nazi, akagawanywa sahani saba, na mtoto mwenyewe huzipeleka kwa majirani saba, mlango kwa mlango. Kila mwenye nyumba humuuliza, "Nani kamsaka huyu?" Mtoto hujibu, "Mimi." Ndipo huombewa dua na sahani ikapokelewa. Ni vijipande tu, mtu mzima hashibi. Lakini nimeona watoto wakirefuka kati ya mlango wa kwanza na wa saba.

Binamu zake Saumu, wajukuu wa shangazi, wote walikuwa wamekwisha kupeleka sahani zao. Saumu, Jumamosi ya kwanza, alirudi na jongoo bahari na kiatu kimoja cha mpira. Ya pili alirudi na kikapu kitupu, na binamu zake wakamwambia asihangaike, pweza wake yuko Changamwe, kapanda lori. Yeye alicheka nao. Lakini tulipokuwa kivukoni jioni ile, akitazama maji, aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri, "Baba, nikikosa na mara ya tatu, sirudi tena. Mimi si mtu wa bahari."

Mwanangu, maneno hayo niliyajua. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwambia baba yangu hayo hayo, baada ya kuteleza mwambani mara moja tu na kuchekwa. Marehemu baba alikuwa mpole. Alisema vyema, vitabu vipo. Sikurudi tena. Nikawa mtu anayeishi hatua chache na bahari na kuinunua kwa kilo. Sikutaka mlango huo umfungikie na binti yangu, na kwa hofu hiyo nikatenda jambo la kipumbavu kabisa. Na upumbavu wa msomi ni mbaya kuliko wa wengine, kwa sababu huja na sababu zake.

Mkono mtupu haulambwi, nilijiambia. Ijumaa jioni nikapita sokoni, nikanunua pweza wa wastani, nikamficha chini kabisa ya friza. Zainabu alimkuta alipokuwa akitafuta tui lake. Nikamweleza mpango wangu kwa hoja tatu, na ya tatu ilikuwa na vifungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hoja zako nzuri. Pweza wako mfu." Akafunga friza, akaenda zake.

Kesho yake nikavuka na yule pweza ndani ya mkoba, amevikwa magazeti. Saa nne asubuhi mwamba ulikuwa wazi. Nikamwambia Saumu natangulia kukagua, nikamtia pweza ndani ya shati ili watoto wasimwone, nikaenda mbio nikiwa nimejikunja kama mtu mwenye msokoto wa tumbo. Niliteleza mara mbili, na viatu nilivyovinunua maalumu kwa kazi hiyo vikabaki kwenye matope. Ubaridi ule kitovuni siwezi kukusimulia. Nilipopata shimo zuri nikamsukuma ndani, nikapanga na magamba ya kombe mlangoni, moja huku, mawili kule. Nikasimama nikaitazama kazi yangu, na Mungu anisamehe, nikaona imependeza.

Nikamwita Saumu. Aliyaona magamba mwenyewe, hilo lilinifurahisha. Akapiga magoti, akatazama, akaingiza fimbo kwa utulivu kama alivyofundishwa, akavuta. Pweza akaja bila ubishi. Saumu hakupiga kelele. Alimwinua kwa mikono miwili, akageuka kuwatafuta binamu zake kwa macho, na uso ule, mwanangu, ningeuza nyumba kuupata. Watoto wakamzunguka wakimpigia vigelegele.

Shangazi akaja polepole na kikapu chake. Akamshika yule pweza mkono mmoja, akaubinya, akamgeuza. Akasema, "Mashallah. Mpole kweli huyu." Watoto wakacheka. Kisha akaniambia, "Mwalimu, nisindikize pale mbele, kuna shimo nataka unisomee."

Tulipokuwa mbali hakunipigia kelele. Laiti angepiga.

"Huyu keshapondwa mawe akalainika," alisema. "Sijaona pweza akapondwa kisha akarudi kwake kulala. Na penye mikunjo ana barafu. Bahari ya Timbwani haijaganda tangu nizaliwe."

Nikamwambia, shangazi, nimefanya kwa mapenzi.

"Najua. Mwizi wa mapenzi ndiye mbaya, maana humfungulii mlango kwa kumwogopa, wamfungulia kwa kumpenda." Akainama, akachungulia shimo, akanyanyuka. "Mtoto ana siku yake ya kwanza moja tu, na wewe umeichukua ukaitia barafu. Baada ya adhuhuri nitapika. Saa nane sahani zinatoka, na milango saba ataulizwa, naye atajibu mimi, mimi, mimi. Watu wataomba dua juu ya uwongo asioujua. Mimi sitosema neno. Wa kusema ni wewe, kabla hajafika mlango wa kwanza."

Njia ya mwongo fupi, husema wahenga. Yangu siku ile ilikuwa ndefu kutoka mwambani hadi nyumbani, peku, nyuma ya watoto wanaoimba jina la binti yangu.

Shangazi alipika kama alivyoahidi. Harufu ya nazi na bizari ikajaa ua mzima. Saumu alikoga, akavaa gauni la Idi, akajifunga kiunoni leso mpya aliyopewa na Shangazi. Sahani saba zikapangwa mkekani. Mimi, niliyewahi kusimama mbele ya watu mia tatu nikazungumzia ukweli kwa saa nzima bila karatasi, nilikwenda chooni mara tatu. Kila nikirudi shangazi aliinua macho, akaendelea kupakua.

Hatimaye nikamwita Saumu nyuma ya jiko. Nikachutama ili tuwe macho kwa macho. Nikamwambia kwamba pweza yule nilimnunua sokoni, nikamficha shimoni, na yale magamba niliyapanga mimi.

Alitazama viganja vyake.

"Kumbe ndiyo maana hakunishika," alisema. Binamu zake walikuwa wamemwambia pweza hukushika mkono hata ukaogopa, naye alikuwa amejiuliza tangu asubuhi kwa nini wake hakumshika. Kisha akauliza, "Ulimnunua kwa sababu ulidhani mimi siwezi?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi na wasomi wenye nia mbaya, hakuna lililonifika hapo. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la uwongo, nikalimeza. Nikamwambia kweli: "La. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilishindwa kukuona ukirudi mkono mtupu."

Machozi yalikuja, akayafuta kwa ile leso mpya. Nilitaraji atasema hanipendi, au twende nyumbani. Badala yake alitoka hadi uani walipokuwa binamu zake wote, akavua leso, akasema wazi, "Pweza si wangu. Ni wa Baba, kamsaka sokoni. Sahani apeleke yeye."

Shangazi Mwanakombo akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, na ua mzima ukamfuata. Akaichukua ile leso, akanifunga mimi kiunoni. Alisema pweza wa kwanza ni wa kwanza, awe wa mwambani au wa barafu, na desturi haichagui umri.

Hivyo ndivyo mhadhiri mwenye shahada mbili alivyopita milango saba ya Timbwani, peku, kajifunga leso yenye maua, sahani mkononi na kundi la watoto nyuma. Kila mlango niliulizwa, "Nani kamsaka huyu?" Kila mlango nilijibu, "Mimi, sokoni," na Saumu akaeleza yaliyobaki, kwa ufasaha uliozidi mlango kwa mlango. Kufikia wa tatu alikwisha kuanza kuigiza nilivyokimbia nimejikunja. Mzee mmoja fundi seremala alicheka hata akakalia kinu cha mkewe. Aliniombea dua kwa moyo wote, kwamba Mola anizidishie, anijalie siku moja nimpate na wa baharini. Nikasema amina. Wallahi sijapata kuombewa dua nyingi na watu wenye furaha kiasi kile.

Mlango wa saba ulipofungwa, Saumu alinishika mkono. Aliniambia kwamba bamvua ijayo tunakuja tena, ila mkoba wangu ataukagua yeye.

Akaukagua. Bamvua hiyo alirudi mkono mtupu, na mimi nikajifunza kutembea kando yake bila kusema kitu. Iliyofuata, maji yalipokwisha kuanza kurudi mwambani, nilimsikia akipiga ukelele upande wa pili wa mwamba. Nilipofika alikuwa amekaa chini majini, pweza mdogo kamzunguka mkono hadi kiwiko, naye analia na kucheka kwa pamoja. Nilinyoosha mkono kumsaidia. Shangazi akaushika mkono wangu, akaurudisha mahali pake. Saumu alimbandua mwenyewe, mkono mmoja mmoja.

Sahani saba za pweza wake huyo sikuzifuata. Nilikaa uani na Zainabu, tukawa tunasikiliza sauti yake kutoka mlango hadi mlango, neno lile moja. Zainabu aliihesabu milango kwa vidole.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ndiyo hii. Ukimtoa mtoto nje, iwe kwa kusaka, kupanda mti, au kuuza maandazi, usimwekee windo shimoni. Mpe fimbo, mpe macho ya mtu anayejua, kisha nyamaza, hata moyo ukikuuma, na utakuuma. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, lakini waweza kushikwa ukatembezwa hadi nyumbani, na hiyo ndiyo kazi ya mzazi. Ukishakosea, maana utakosea, nenda ukaseme kabla ya mlango wa kwanza. Ukichelewa ukafika wa pili, uwongo utakuwa si wako tena, utakuwa wa mtoto. Na akikuhukumu, pokea hukumu yake na ufungwe leso. Mtoto anayeweza kumcheka baba yake akiwa kamshika mkono, huyo hajapoteza kitu.

Mola akupe wikendi nyingi na watoto wako, na vuli zenye mvua za kuaga mapema. Awape kusaka na kupata. Na siku mtakayokosa, akupe kifua cha kurudi nao polepole, kikapu kitupu, mkiwa mnazungumza. Amina.